Yule nyani wa baa tulimlewesha sisi wenyewe

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi, kama nimekuzidi basi mambo vipi. Mi ni dereva wa semi, njia yangu Dar–Tunduma, nyumbani Uyole Mbeya, na gazeti lako huwa nalisoma kwenye foleni ya mizani au ile ya mpakani Tunduma, ambayo ukiingia nayo vibaya unasoma mpaka matangazo ya tanzia unayamaliza. Uandishi sio fani yangu, kwaiyo panapopinda nyoosha, ila ile sehemu ya nyani naomba usiipunguze hata kama ukurasa umejaa.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwamba Nyanda za Juu Kusini tumelala, utalii wote unaishia kaskazini, na dawa yake apatikane mwekezaji afungue zuu kubwa pembeni ya barabara kuu, simba wawili, chui, mamba, nyani wa kuchekesha watoto, mabasi yasimame, abiria walipe, vijana wapate ajira. Kijiweni kwetu wengi wamempongeza. Mi simtukani, anataka hela iingie kusini na mimi nataka hivyo hivyo. Ila hiyo zuu anayoiongelea mi nimeshakaa nayo meza moja, nimeilipia kama miaka saba hivi, kwaiyo acha nimsimulie ilivyo.

Kuna baa iko kati ya Iringa na Mbeya, sitaji mji wala jina, madereva wenzangu mnaijua. Supu nzuri, maegesho makubwa, mlinzi halali. Kwenye mkaratusi karibu na jiko la mishkaki palikuwa na nyani dume amefungwa. Tulimwita Meneja maana ukiingia ndio wa kwanza kukukagua kuanzia viatu mpaka kofia. Aliletwa mdogo kabisa, enzi hizo viroba, zile pombe kali za vifuko, havijapigwa marufuku (ilikuwa Machi 2017, nakumbuka vizuri kuna tingo wangu aliomboleza), na kilichomkuza ni hivyo viroba, mifupa ya kuku na ndizi za madereva. Kola yake kipande cha tairi la pikipiki kimekazwa na waya, mnyororo kama mita mbili, na huo mnyororo ulikuwa umechora duara pale chini, udongo umekanyagwa mpaka unang'aa kama sakafu ya saruji, nje ya duara majani yapo, ndani hata unyasi mmoja hamna.

Kazi yake ilikuwa kutuchekesha. Unampa chupa, anaishika kwa mikono miwili, anaiinua kama mtu mzima, anayumba, tunakufa kwa kicheko, huyu anampa sigara, yule anampiga picha anaweka statasi. Mi mwenyewe nimempa, sijui mara ngapi. Nimetoka Dar usiku, nimechoka, nataka kucheka, na bia ya nyani pale ilikuwa inaandikwa kwenye bili yako kama ya mtu. Yani mama mwenye baa alikuwa anauza bia mbili kwa kila mteja mmoja mjinga, na mimi ndo nilikuwa huyo mteja.

Kuna asubuhi moja haijanitoka mpaka leo. Baa haina watu, nimekaa karibu nae nasubiri fundi azibe pancha. Akanivuta mkono. Nikajua anataka kitu, nikamwonyesha viganja vitupu. Hakujali. Akaulaza mkono wangu kwenye goti lake akaanza kupekua vinyweleo, kimoja kimoja, kwa ncha za vidole, katulia kabisa, uso umekunjamana kama nesi anayetafuta mshipa, akiona kipele anakibandua anakitia mdomoni. Robo saa nzima. Fundi aliponiita nikautoa mkono, akaufuata mpaka mnyororo ukamkaba shingoni. Siku ile nilicheka, nikahadithia kila mtu kwamba Meneja kaniajiri. Baadae ndo nikaja kujua kwamba nyani anaishi kwenye kundi, wanaweza kuwa hamsini mpaka mia na zaidi, na wakipumzika kazi yao ni kukaa wanapekuana hivyo hivyo, ndio salamu yao, ndio kusuluhishana wakigombana, ndio undugu wenyewe. Huyu miaka yote hiyo hana wa kumpekua wala wa kumpekua yeye, akaona basi hata huyu dereva.

Mwaka jana mwezi wa saba, baridi ile ya kukata masikio, tingo wangu, kijana wa Tukuyu mpole tu, alikuwa anapiga nae selfi. Akampa chupa alafu akairudisha kidogo ili picha itoke vizuri, ule mchezo tunaocheza na watoto, nakupa sikupi. Nyani dume aliyekomaa ana meno ya pembeni marefu kama ya chui, sio wa kuchezea nakupa sikupi. Alimkamata mkono juu ya kiwiko, nyama ikaachia. Tukakimbia nae hospitali, akashonwa, akaanzishiwa sindano za kichaa cha mbwa, safari ikalala siku nne na hela yangu ikakatwa. Hayo yamepita, dogo kapona, kabaki na kovu kama ramani. Ila tuliporudi kuchukua gari tukakuta duara halina mtu. Walinzi walikuwa wameshammaliza kwa nondo, amefungwa hivyo hivyo, maana mnyororo wa mita mbili hauna pa kukimbilia. Jamaa mmoja pale akasema afadhali, alikuwa ameshakuwa mkali. Na mimi nikatingisha kichwa kukubali, Mhariri. Nilikuwa na funguo mkononi na nataka kuondoka, nikakubali.

Nilipomhadithia binti yangu, yuko kidato cha tatu na simu haitoki mkononi, akaniambia baba hiyo mbona ni kama ya Harambe. Sikumwelewa, akanionyesha. Gorila dume, kapewa jina letu la Kiswahili, lile neno la kuvuta kamba pamoja, yuko zuu ya Cincinnati huko Marekani. Tarehe 28 Mei 2016 mtoto wa miaka mitatu akaponyoka akadumbukia kwenye boma la magorila, na watu wa zuu wakampiga risasi Harambe ili wamwokoe mtoto. Alikuwa ametimiza miaka 17 jana yake. Watu wakagombana dunia nzima, huyu analaumu mama wa mtoto, huyu analaumu zuu. Mi kwenye risasi siwalaumu, mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu. Ila angalia, ile ni zuu ya wenye hela, ina madaktari wa wanyama, ina uzio, ina watu waliosomea, na bado siku mambo yalipoharibika aliyelipa ni yule ambaye hakuomba kuwepo pale. Msitu wa Afrika wenyewe hakuwahi kuuona, alizaliwa Texas, cha kwetu alichokuwa nacho ni jina tu. Sasa huyo mwekezaji wetu wa pembeni ya barabara, ambaye hata choo cha abiria atajenga kwa kusukumwa, ndio ataweza?

Kwa wasioijua njia yetu, ukitoka Ruaha Mbuyuni unaanza kuupanda Kitonga. Ukiwa na mzigo unapanda kwa mwendo wa bibi anayeenda kanisani, kwaiyo muda wa kutazama upo. Nyani wamejipanga kwenye kingo, mama kabeba mtoto mgongoni kama mwendesha farasi, wadogo wanavutana mikia, dume kakaa pembeni anajifanya hana habari na mtu. Wanapekuana. Kila nikipita sasa hivi naangalia kitu hicho kimoja tu, vidole. Na pale hawakudai hata mia (ila jamani tuache kuwarushia ndizi na mifuko ya chipsi dirishani, tunawafundisha kukaa barabarani alafu tunawagonga, mwaka huu nimeona wawili).

Alafu jiulize yule mtoto mgongoni unampataje. Mtoto wa nyani hadondoki ukamwokota kama embe. Amemng'ang'ania mama na mama hamwachii, na ukimgusa kundi zima linashuka. Mpaka umtoe pale, mara nyingi mama ameshauawa, au kundi limetawanywa kwa mbwa na mawe. Kwaiyo ukiona katoto ka nyani kamefungwa kamba mahali, kanachekesha watu, ujue nyuma yake kuna kitu hujaonyeshwa.

Kichekesho ni hiki. Pale Mikumi barabara yetu inakatiza katikati ya hifadhi kilometa kama 50, na ukigonga mnyama unalipa, orodha ipo, kila mnyama na bei yake, hata nyani. Tunapunguza mwendo wenyewe kwa kuogopa faini. Unatoka pale masaa machache mbele unamlewesha nyani mwingine hadharani na hamna anayekuuliza. Binti akanitafutia na sheria. Ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, wako chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na kumkamata au kumfuga lazima kibali. Yani Meneja alikuwa wa kwangu, wa kwako na wa mama muuza nyanya wa Ilula, sio wa mwenye baa. Kuna nyingine ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, hiyo inamlinda hata punda wa mkokoteni. Tulivyokuwa tunakunywa pale, meza zote zile, sidhani kama kuna hata mmoja aliyekuwa anajua. Mi nilikuwa sijui.

Na sio baa tu. Waliosoma shule za msingi huku kwetu lazima wanamkumbuka jamaa wa gunia. Mi nilimwona nikiwa darasa la nne, na mwaka huu mwanangu mdogo karudi nyumbani anadai mia tano ya chatu. Nikasema acha niende nikaone. Mwezi wa sita, asubuhi, ukiongea moshi unatoka mdomoni, watoto wamevaa masweta mawili mawili. Jamaa katoa chatu kwenye gunia lililokuja nyuma ya pikipiki, kamvisha mwalimu wa zamu shingoni, chatu katulia tuli, makofi, vigelegele, jamaa anatamba kwamba kampa dawa ya upole. Nikamgusa. Alikuwa kama bomba la maji alfajiri. Dawa gani! Nyoka hana moto wake mwenyewe mwilini, joto lake anaomba kwa jua, na chatu ni mtu wa mabondeni huko kwenye joto, ukimpandisha Uyole mwezi wa sita ndani ya gunia anaganda, hata kukunja mwili ni kazi. Ule upole ulikuwa baridi. Na nikikumbuka vizuri sijawahi kumwona jamaa yeyote wa gunia akija mwezi wa kumi na moja.

Sasa hoja kubwa ya msomaji mwenzetu ni kwamba watoto wetu hawajawahi kuona simba. Kweli kabisa, na ni aibu, ila hiyo ni aibu ya usafiri, simba wapo. Simba wa kwenye kizimba nimemwona mimi, kwenye maonesho fulani, tulipanga foleni nusu saa juani. Anapiga hatua nne anageuka, hatua nne anageuka, na kila akigeuka anagusa nguzo ile ile kwa shavu lile lile, manyoya pale yameshaisha kabaki ngozi. Kulikuwa na katoto nyuma yangu kakasema mama, simba anatafuta kitu. Mama yake akamwambia anafanya mazoezi.

Na wa porini nimewahi kwenda kumtafuta, kikundi chetu cha kuweka na kukopa tulichanga tukakodi Koasta kwenda Ruaha. Ruaha hiyo hapo, kutoka Iringa mjini mpaka Msembe ni kama kilometa 130, eneo lake ni kama kilometa za mraba 20,000, ni moja ya ngome kubwa za simba zilizobaki duniani, mbwa mwitu wapo, tandala mkubwa yupo na mdogo yupo, vitu ambavyo wazungu wanapanda ndege kuja kuvitazama na sisi tunavipita na magunia ya mahindi. Tukaambiwa kuna simba kwenye kichaka. Tukasubiri masaa mawili. Wamama wamemaliza karanga, watoto wamelala, na tulichokuja kuona ni sikio moja na ncha ya mkia ukipiga inzi. Basi. Na hakuna safari tuliyoihadithia kama ile, mpaka leo ukikutana na mtu wa kikundi anakwambia unakumbuka lile sikio? Kwa sababu yule alikuwa nyumbani kwake na sisi ndo tulikuwa wageni, hakutaka kutuonyesha, hakutuonyesha.

Kiingilio cha Mtanzania pale wala sio mlima, kinacholiza ni gari na mafuta. Kwaiyo kama hela ya mwekezaji ipo, inunue mabasi mawili makuukuu, moja likae Iringa moja Mbeya, kila Jumamosi shule moja. Mi leseni ninayo na kwa shule ya mwanangu naendesha bure, nishike na hilo neno, niliposema nimesema. Na sio lazima Ruaha. Mlima Rungwe hapo kuna kima anaitwa kipunji, wanasayansi walikuja kumfahamu 2003 tu na wakamtangaza 2005, wakati wawindaji wa pale walikuwa wanamtaja siku nyingi, na hayupo sehemu nyingine yoyote duniani zaidi ya huko Rungwe na Kitulo na upande wa Udzungwa. Mtoto wa Tukuyu ajengewe zuu akatazame nyani kwenye waya wakati kipunji analia mlimani nyuma ya shule yake? Jamani.

Najua atatokea msomi aseme zuu nazo zimeokoa wanyama. Ni kweli na ushahidi uko kwetu kabisa, chura wa Kihansi, yule wa kutaniwa bungeni. Kachura kadogo, kanakaa juu ya ukucha wa dole gumba, kaligunduliwa 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi huko Udzungwa, hakakai kwingine popote. Mtambo wa umeme ulipoanza kuchukua maji manyunyu yakakata. Mwishoni mwa 2000 wakakusanywa vyura 499 wakapelekwa zuu ya Bronx, New York, huku nyuma wa porini wakafa wakaisha, 2009 ikatangazwa hawapo tena porini. 2010 wakarudi wa kwanza mia moja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa kwao, manyunyu sasa yanatoka kwenye mabomba. Hiyo mi naipigia saluti. Lakini angalia walivyofanya. Walichukuliwa kwa sababu kwao kunakufa, wakalelewa ili warudi. Hamna aliyewanunulia bia. Nyani wa Kitonga kwao hakujafa, sasa hiyo zuu ya barabarani inamwokoa na nini, na Kitonga?

Hata hapa hapa nchini tumeshawahi kwenda upande mwingine. Kisiwa cha Saanane pale Mwanza kilianza 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na 2013 kikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Na Rubondo kati ya 1966 na 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka zuu na sarakasi za Ulaya, watu waliokuwa wamezoea vizimba, wakaachiwa kisiwani wajitafutie. Leo wajukuu zao wapo msituni, wanajenga vitanda vyao juu ya miti, na mtalii akitaka kuwaona anavaa buti anawatafuta na anaweza asiwaone. Huko nje nako wanafunga hiyo biashara. Bolivia walipiga marufuku wanyama kwenye sarakasi 2009, Uingereza wanyamapori kwenye sarakasi mwisho ilikuwa Januari 2020, na ile sarakasi kubwa ya Marekani, Ringling, iliacha tembo 2016, ikafunga 2017 baada ya miaka 146, 2023 ikarudi haina mnyama hata mmoja, watu tu wanaruka na tiketi wanauza. Sasa biashara wanayoivua wenzetu sisi ndio tuivae? Tunavaa mitumba ya nguo, inatosha.

Kuna kitu kingine kinanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, twiga wanne wakiwemo, walipakiwa kwenye ndege uwanja wa KIA wakapelekwa Qatar. Nchi nzima tulipiga kelele, mpaka 2016 serikali ikazuia kabisa kusafirisha wanyamapori hai nje. Mi mwenyewe niligombana na mtu kwenye baa kwa ajili ya wale twiga, kwa uchungu, nagonga meza. Ile ile baa. Meneja yuko mita tano nyuma yangu ana chupa.

Sasa kwa nini naandika leo wakati nyani alikufa mwaka jana. Wiki iliyopita nilisimama pale, kwanza sikutaka ila bolti za gurudumu zilikuwa zimelegea. Mama mwenye baa akaja mwenyewe na supu, hataki hela, pole baba kwa kijana wako, anaendeleaje. Mtu mwema tu, sio kwamba ana pembe. Kwenye mkaratusi mnyororo umening'inia, umesafishwa, umetolewa kutu, na kola mpya ya ngozi ile ya mbwa bado ina lebo ya duka. Akakaa. Akasema baba, wewe si unapita Kitonga kila wiki? Niletee kadogo kamoja, laki nitakupa, wateja wanaulizia.

Nikamwambia hapana. Akacheka, akasema haya, atapatikana dereva mwingine, na hapo ndo supu ilinishinda, kwa sababu anasema kweli. Atapatikana. Laki ni hela, ni matumizi ya nyumba wiki nzima na zaidi, na nyani wa Kitonga hajui kuendesha gari, hakuna mmoja aliyewahi kufika kwenye ile baa bila sisi kumpakia. Nimeshaongea kwenye grupu letu la WhatsApp la madereva wa njia hii, baadhi wamenicheka wameniita baba wa nyani, hamna shida, wengine kama kumi na kitu wamesema hawapakii na hawampi chupa mnyama yeyote, na mmoja kakiri aliwahi kupakia, sitamtaja, kalia kwenye sauti aliyotuma. Afisa wanyamapori nimempigia, kasema atapita. Shule ya mwanangu nimewaambia mia tano ya chatu sitoi tena ila nauli ya Ruaha nitatoa mbili.

Na wewe msomaji wa kawaida unayesafiri kwa basi, ukishuka pale utanielewa, mti mkubwa kushoto kama unatokea Iringa. Ukikuta mnyororo unaning'inia peke yake, supu yake nzuri kweli, kunywa. Ukikuta kuna mtu ndani ya duara, panda gari, mji unaofuata nako supu ipo.

Dereva wa semi, Uyole, Mbeya (jina ninalo, nihifadhie).